Waya Mweupe Wenye Mstari Mweusi

Ukifuata pikapu ya zamani usiku kutoka Gongoni kuja Malindi, zitazame taa zake za nyuma dereva anapokanyaga breki. Ikiwa taa ya breki inawaka kwa kufifia, na indiketa ambayo hakuna aliyeiwasha nayo inapata mwanga kidogo, kisha dereva akiwasha indiketa kweli taa nzima inapepesa, nyekundu na manjano kwa pamoja, usimdhanie amechanganyikiwa. Mara nyingi hakuna balbu iliyoungua hapo wala swichi iliyoharibika. Gari hilo limepoteza arthi ya taa za nyuma. Nalisema hili nikiwa nyuma yake, kabla ya kufungua skrubu hata moja, kwa sababu ndio ugonjwa mkuu wa magari yetu ya pwani, na ndio unaowamaliza watu fedha kwa kununua vitu ambavyo havikuharibika.

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nachukua mzigo Ngomeni, nauteremsha Malindi, na siku nyingine naufikisha Watamu kwa wenye mikahawa. Kamba wa Ghuba ya Ungwana, changu, tafi, kolekole, kaa wa mikokoni. Gari langu ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, ya dizeli, yenye injini iitwayo 3L, lita 2.8. Watu huniuliza mbona siliuzi nikachukua la kisasa kidogo. Jibu la kwanza ni fedha. La pili ni kwamba siwezi kuagiza jingine kama hili kutoka Japani: kanuni ya Kenya, KS 1515, hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo Hilux za umri huu ni hizi hizi tulizobaki nazo. La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba umeme wake mtu anaweza kuuelewa wote, mwanzo hadi mwisho.

Injini hii haina kompyuta. Pampu ya dizeli inazungushwa na injini yenyewe, na mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, bila plagi za kupiga cheche. Ikishashika, kitu cha umeme kinachoifanya iendelee kunguruma ni waya mmoja tu, unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu. Hicho ni kidude kidogo kinachofungua njia ya mafuta kikipata volti 12 na kuifunga kikizikosa. Ukigeuza ufunguo kuzima, unachokata ni umeme wa kidude hicho. Basi dizeli ya namna hii ikizima ghafla barabarani bila kukohoa wala kuyumba, kana kwamba kuna mkono umegeuza ufunguo, utazame waya huo kabla hujaanza kuomboleza pampu. Kilichobaki baada ya hapo ni stata, hita plagi, altaneta, taa, honi, waipa na geji za dashibodi. Mwenye mita, spana namba 10 na 12, msasa na subira anaweza kuvifikia vyote.

Mita ndiyo ninayoisisitiza. Mita ya kawaida ya tarakimu haizidi bei ya kilo mbili za kamba wazuri. Betri ya N70, ambayo ndiyo saizi ya pikapu nyingi za dizeli, inapita shilingi elfu kumi. Anayenunua betri kabla ya kununua mita amepanga mambo kinyume, na mtu huyo namwona kila mwezi hapa mjini.

Adui wetu ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na upande wa Gongoni kuna mashamba makubwa ambako maji hayo hayo huanikwa juani mpaka yabaki mawe meupe. Kusi inapovuma, huchukua ukungu wa bahari na kuupaka kila kitu: mabati, vitasa, nyaya. Chumvi nayo inavuta unyevu, kwa hiyo gari lililolala Ngomeni huamka limelowa hata siku ambayo hakukunyesha tone. Kule Ngomeni bado yanaonekana baharini majukwaa ya chuma ya kituo cha San Marco, ambako Waitaliano walirusha roketi za kubeba setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988, ikiwamo ile iliyobeba setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Kila nikiyatazama huwaza kazi waliyokuwa nayo mafundi wa kutunza viunganishi vya umeme mahali pale, maana mimi niliye nchi kavu nashindana na hewa hiyo hiyo kila msimu.

Gari la samaki lina balaa zaidi ya hewa. Barafu inayeyuka njiani, maji yake yanachanganyika na chumvi na damu, yanatafuta mianya ya bodi, yanateremka nyuma, hadi pale pale ambapo plagi ya nyaya za taa imewekwa. Na shaba ikipatwa na maji hayo haiozi juu tu. Waya wa gari umesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Maji ya chumvi huingia kwenye ncha iliyo wazi, yakanyonywa kati ya nyuzi hizo, chini ya plastiki, yakapanda sentimita nyingi kutoka palipo na jeraha. Kwa nje waya ni mzima na rangi yake ipo. Ukiuchuna, ndani ni mweusi, au una unga wa kijani. Waya wa namna hiyo bado unapitisha umeme kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachopoteza watu. Fundi anachomeka testa ya balbu ndogo, inawaka, anasema umeme upo, tatizo liko kwingine. Umeme upo kweli, lakini wa kuwasha testa, hautoshi kuendesha kazi.

Hapa lazima nieleze arthi, kwa sababu wengi hufuata nusu ya safari tu. Umeme hauishii kwenye balbu. Unatoka nguzo chanya ya betri, unapita fyuzi na swichi, unaifikia balbu, halafu ni lazima urudi mpaka nguzo hasi. Kwenye gari njia ya kurudi kwa sehemu kubwa ni chuma chenyewe, bodi na chasisi, na ndiyo tunayoiita arthi. Katika nyaya za Toyota waya wa arthi ni mweupe wenye mstari mweusi. Utafute nyuma ya taa, ufuate, utaukuta umefungwa kwa bolti ndogo kwenye bati, na bolti hiyo kwetu ndiyo inayooza mapema kuliko kitu chochote. Umeme wa breki ukikosa kurudi hapo, hausimami ukangoja. Unapita kinyumenyume kwenye balbu ya jirani ndani ya taa hiyo hiyo, unakwenda kutafuta arthi kupitia taa za mbele, na njiani unaziwasha kwa kufifia zote unazozipitia. Huo ndio mchanganyiko wa rangi unaouona barabarani.

Mwaka 1827 Georg Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule, alichapisha kanuni ambayo mpaka leo ndiyo inayoongoza kazi hii. Volti zinazopotea mahali ni sawa na ampea zinazopita hapo zikizidishwa na ukinzani wa mahali hapo, ambao sasa tunaupima kwa jina lake, ohm. Tuichukue hesabu hiyo tuipeleke kwenye taa kubwa. Balbu mbili za wati 60 ni wati 120. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 10. Kiunganishi kimoja chenye ukinzani wa ohm 0.2 tu, kiasi ambacho mita ya bei nafuu haikipimi vizuri, kitakula karibu volti 2. Balbu zinabakiwa na 10. Na balbu ya halojeni ina tabia moja mbaya: ikipungukiwa sehemu moja ya kumi ya volti zake, mwanga hupungua kwa karibu theluthi nzima. Hizo wati karibu 20 zilizopotea zinageuka joto pale pale kwenye kiunganishi, ndiyo maana plagi za taa za magari ya zamani ukizichomoa unazikuta zimebabuka.

Kwa sababu hiyo siupimi waya mbovu kwa ohm. Napima volti zinazopotea, tena kitu kikiwa kazini. Unaweka mita kwenye volti za betri, alama ya 20. Unawasha taa inayosumbua. Ncha moja ya mita unaigusisha nguzo hasi ya betri, risasi yenyewe, wala usiguse klempu. Nyingine unaigusisha pale waya wa arthi wa taa unapoishia. Taa za nyuma zinahitaji waya mrefu wa kuongezea, nami ninao niliouweka kwa kazi hiyo. Arthi nzima itaonyesha sifuri au karibu na sifuri, sehemu moja ya kumi ya volti hivi. Mita ikisoma volti moja, volti hiyo imeliwa njiani kati ya taa na betri. Halafu unasogeza ncha hatua kwa hatua kuelekea mbele: bati la nyuma, chasisi, bodi ya kabini. Pale ambapo namba inaanguka ghafla, umeshapita palipooza. Hakuna kukisia hata kidogo, na hii ndiyo raha ya kazi hii ambayo hakuna aliyeniambia kabla sijaanza.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyookoa betri yangu. Asubuhi moja gari lilikataa kushika hapa mjini. Stata ilitoa mlio mmoja mzito, ikanyamaza. Kijana mmoja anayeuza betri alikuwa akipita.

“Mama, hiyo betri imekwisha. Nikuletee nyingine sasa hivi?”

“Ngoja mwanangu,” nikamwambia, “shika huu ufunguo kwanza. Nikisema piga, piga.”

Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 imebakiwa na kama robo tatu, ikifika 12.0 inakaribia kuwa tupu. Yangu ilikuwa na 12.6. Lakini volti za kupumzika hazitoshi kuhukumu, kwa hiyo nikaacha mita juu ya nguzo zote mbili na kumwambia apige stata. Betri dhaifu hapo huanguka chini ya 9.6. Hii ikashuka kidogo tu, haikufika hata 11. Maana yake stata haikupata fursa ya kuvuta umeme iliouhitaji. Stata ya dizeli hutaka mamia ya ampea. Zikishindwa kupita, betri haitoi jasho. Nikaweka ncha moja kwenye nguzo hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. “Piga.” Mita ikaruka hadi zaidi ya volti 3, mahali ambapo haikupaswa kuvuka 0.3.

Kijana akainama kutazama. Mkanda wa shaba iliyosukwa unaounganisha injini na nguzo hasi ulikuwa wa kijani, na nilipouvuta nyuzi zikamwagika mkononi. Kebo ya akseleta ilikuwa ya moto kuigusa, kwa sababu umeme wa stata, uliokosa njia yake, ulikuwa ukijaribu kurudi kwa kupitia kebo ile nyembamba. Nikachukua waya wa kujampu, ncha moja nguzo hasi, nyingine kwenye injini. Ikashika mara moja. Nawasihi wenye magari wote wa pwani walikumbuke jaribio hili, kwa sababu halihitaji hata mita: gari likigoma kupiga stata na taa za dashibodi zina nguvu, unganisha injini na nguzo hasi kwa waya wa kujampu kabla ya kumwita mtu.

Betri yenyewe nayo ina haki yake. Vichwa vyake vikiota unga mweupe au wa buluu, unga huo ni zao la asidi iliyovuja ikakutana na madini, na haupitishi umeme vizuri. Dawa yake iko jikoni. Magadi, haya haya tunayotia kwenye maharagwe yalainike, yanayotoka Ziwa Magadi kule kusini mwa Nairobi, ni alikali, na alikali huua nguvu ya asidi. Kijiko kikubwa katika kikombe cha maji ya moto, unamimina polepole, yanatoa povu, unasugua kwa mswaki wa zamani, unasuuza. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yataua asidi inayotakiwa. Kinga macho. Na usivute sigara hapo, wala usimruhusu anayevuta akaribie: betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, nayo hulipuka.

Ukifungua klempu, anza na hasi. Ukirudisha, malizia na hasi. Sababu ni kwamba spana ikiteleza kutoka kwenye chanya na kugusa bodi wakati hasi imefungwa, unapata shoti yenye nguvu ya kuyeyusha pete kidoleni. Ikiwa hasi imekwisha tolewa, hakuna kitakachotokea. Kisha kaza, na ukishakaza ndipo upake mafuta ya mgando juu, ya kujipaka mwilini yanafaa kabisa, yazuie hewa ya chumvi.

Kuhusu kuchaji sitasema mengi. Injini ikinguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya 13, haichajiwi. Juu ya 15, kidhibiti cha altaneta kimeharibika na maji ya betri yatachemka na kwisha. Lakini kabla ya kufungua altaneta, geuza ufunguo bila kuwasha injini na utazame dashibodi: taa nyekundu ya picha ya betri lazima iwake. Katika altaneta nyingi za zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndogo ndio unaoiamsha altaneta ianze kazi. Balbu ikiungua, altaneta nzima kabisa inaweza kukaa bila kuchaji chochote, na mwenye gari akalipia altaneta nyingine kwa kosa la kibalbu cha shilingi chache.

Betri inayolala nzima na kuamka imekufa ina mnyonyaji. Zima kila kitu, funga milango, toa klempu ya hasi, na weka mita kwenye ampea kati ya klempu na nguzo. Ruhusa ni miliampea 50. Ukikuta nusu ampea, hesabu mwenyewe: nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12, na N70 ina ampea-saa 70 ikiwa mpya, kwa hiyo haimalizi wiki. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Saketi ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mnyonyaji. Mara nyingi ni redio, alamu au traka iliyofungwa na mtu mwenye haraka. Wakati mita iko hapo usithubutu kupiga stata, utaichoma.

Hapa nataka kuwageukia wenye malori, wale wa Canter wanaobeba mchanga wa Mto Sabaki na mawe ya kujengea. Malori mengi ya aina hiyo ni ya volti 24, betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo. Redio na chaja nyingi za simu ni za 12. Basi kinachofanyika karibu kila mahali, kutoka Mtwapa hadi Marafa, ni kuvuta waya katikati, kwenye betri moja tu, na kuilisha redio kutoka hapo. Inaimba vizuri. Ila betri hiyo moja inatumika zaidi kuliko mwenzake, na altaneta inazichaji zote mbili kana kwamba zimetumika sawa. Ile iliyonyonywa haijai kamwe, ile nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka inachemka. Baada ya miezi zote mbili zimekufa, kila moja kwa sababu yake. Nimewaona madereva wakilaani wauza betri kwa jambo hili, na hawakuwa na kosa. Kibadilishi cha volti 24 kwenda 12 kinauzwa kwenye maduka ya spea, kinavuta betri zote mbili kwa usawa, na gharama yake iko chini mno ya betri moja. Kwa mtu ambaye lori ndilo linalosomesha watoto wake, sioni sababu ya kuahirisha.

Sasa maboresho. Kila anayenijia akitaka kuboresha gari kuukuu huanza na taa za mwanga mkali. Mimi nilianza na bomba la mpira. Kreti za samaki sasa zinakaa juu ya trei ya plastiki yenye ukingo, na kona yake ya chini ina bomba linalopeleka maji ya barafu nyuma ya gurudumu, mbali na taa. Plagi ya nyaya za nyuma niliipandisha juu kwenye ukuta wa bodi, ikiangalia chini, ili tone likiingia lipate pa kutokea. Kazi hiyo haikuongeza waya hata mmoja, na imeleta utulivu kuliko chochote nilichofanya kwenye gari hili.

Cha pili ni arthi mpya zote. Kebo nene ya milimita za mraba 35 kutoka nguzo hasi hadi injini, nyingine kutoka injini hadi chasisi, nyembamba zaidi kutoka chasisi hadi kabini na hadi bodi ya nyuma. Kila zinapofungwa, nilipiga msasa mpaka bati liking'ae, nikakaza kwa bolti na washa yenye meno, ndipo nikapaka mafuta na rangi juu. Kila taa ya nyuma nikaipa waya wake wa kurudi wa milimita za mraba 2.5 hadi kwenye chasisi, isitegemee tena ile bolti ya bati. Kwa nyaya za nyuma natumia waya wa mashua, ambao nyuzi zake zimepakwa bati. Mafundi wa mashua za injini wa Kilifi na Mtwapa wanaujua vizuri. Ni ghali, lakini maji ya chumvi hayaupandi upesi kama shaba tupu.

Unapokata waya ulioungua kwa chumvi, endelea kukata mpaka ufike shaba inayong'aa. Risasi haishiki kwenye shaba nyeusi. Na hata kwenye shaba safi mimi napendelea kubana kwa koleo la kazi hiyo kuliko kuchomea risasi, kwa sababu risasi inaufanya waya kuwa mgumu na mtikisiko wa barabara ya Marafa huukata pale pale risasi inapoishia. Juu yake vuta mpira wa kubana kwa joto, ule wenye gundi ndani. Tepu nyeusi peke yake, kwa joto letu, inayeyuka gundi na kufunguka, ikabaki kuhifadhi maji.

Taa kubwa ndizo zilizofuata. Kwenye gari la zamani umeme wake hupita njia ndefu, hadi swichi ya usukani na kurudi, ukipoteza volti kila pahali. Rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo, huikata safari hiyo. Ina miguu minne yenye namba zinazotokana na kiwango cha Kijerumani, DIN 72552, na ukizijua hizo utafunga rilei yoyote yenye namba hizo: 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za koili ndogo ndani. Waya wa zamani wa taa unabaki na kazi ya kuamsha koili tu, ambayo haivuti hata robo ya ampea, na taa zinapata umeme kutoka betri kwa njia fupi na nene. Ila tahadhari moja kwa wenye Toyota: nyingi za zamani, swichi yake hukata upande wa arthi, chanya ikiwa inafika kwenye balbu moja kwa moja. Ukinunua seti ya rilei iliyotengenezwa kwa magari yanayokata chanya, haitafanya kazi au itafanya vituko. Pima kwanza kwenye plagi ya balbu taa zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa, ujue ni upande upi unaobadilika. Nilipomaliza, balbu zile zile za halojeni zilionyesha kando ya barabara ambako zamani nilikuwa nakisia tu.

Balbu za LED za kuchomeka ndani ya taa iliyotengenezewa halojeni sizitaki, na nawaomba wenzangu waziache. Kioo cha taa kimepangwa kwa uzi mwembamba ulio mahali maalumu. LED inatoa mwanga mahali tofauti, na mwanga huo unatawanyika machoni pa anayekuja. Barabara ya Mombasa na Malindi ina watu wa baiskeli, wa bodaboda na wanaotembea gizani kwa miguu, na dereva aliyepofushwa kwa sekunde mbili tu ni hatari kwa wote hao. Kwa taa za nyuma LED zilizofungwa kabisa ni nzuri sana, hazipitishi maji, na zinavuta umeme kidogo. Zinavuta kidogo kiasi kwamba rilei ya indiketa ya zamani hudhani balbu imeungua na kuanza kupepesa mbio. Badilisha hiyo rilei kwa ya kielektroniki.

Nimeongeza na taa moja ya kazi juu ya bodi, ya kupimia samaki alfajiri. Ni LED ya wati 18, ampea moja na nusu, kwa hiyo inalindwa na fyuzi ya ampea 3, nayo iko karibu na betri, haizidi urefu wa kiganja kutoka nguzo chanya. Waya wowote unaotoka kwenye chanya bila fyuzi jirani ni moto unaongoja kuguswa na bati. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, wala haijali kitu kilicho mwisho wake, kwa hiyo usiweke ya 30 pale ya 10 inapoungua. Tafuta kwa nini inaungua. Chini ya kifuniko cha sanduku la fyuzi nimeandika kwa rangi nyeupe kila nilichoongeza, fyuzi yake, rangi ya waya wake na mahali arthi yake ilipofungwa. Fundi atakayelifungua gari hili nikiwa sipo aanzie hapo, na mita mkononi.